Mtoto niliyemlea anaitwa aende Kanada kwa mama aliyemzaa, nami kalamu inakuwa nzito

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi na maharage kwa jumla. Watoto wangu wawili wa kuzaa wana familia zao. Anayeninyima usingizi ni wa tatu, binti wa marehemu mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na ananiita Mama.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori. Alikuwa akipeleka mahindi Kigoma, na huko Kasulu akampata mwanamke wa Kikongo, Mbembe wa Fizi, aliyekulia kambini Nyarugusu. Wakaoana, binti akazaliwa mwaka 2010. Mwaka 2013 mdogo wangu akafa kwa ajali pale mlima Kitonga. Wifi akaomba kibali cha kutoka kambini, akaja msibani kwetu Makete, mtoto mgongoni. Matanga yalipoanuliwa, kaka yetu mkubwa akasema mtoto ni wa ukoo, harudi kambini. Nami nikamwunga mkono. Wifi alilia siku mbili. Kibali chake kilikuwa kinaisha, akaondoka peke yake. Mtoto nikamchukua mimi.

Mwaka uleule huku kwetu Mbeya walikuwa wameanza kuandikisha bure watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa. Nikampeleka. Nilipoulizwa mama nikataja jina langu, na mahali pa kuzaliwa nikasema Mbeya. Niliona narahisisha mambo ya shule na hospitali.

Wifi aliolewa tena hukohuko kambini. Novemba 2022 walichukuliwa kwenda Kanada, mji wa Winnipeg, yeye na mumewe na watoto wawili wadogo. Anasema jina la binti aliliandika kwenye fomu tangu mahojiano ya kwanza, na kabla hajamaliza mwaka huko aliomba aletewe mwanawe. Sasa wamejibiwa. Zinatakiwa pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, alama za vidole, vipimo vya afya, na barua yangu mimi mlezi kwamba nimeridhia.

Tangu hapo simu inalia saa kumi na moja alfajiri. Kwake ni saa tatu usiku, amelaza watoto. Anaongea kile Kiswahili chao cha Kongo, "mutoto wangu, niko nakuona," na binti anacheka kwanza, halafu ananyamaza. Wiki iliyopita alikata simu akaniambia, "Mama, mimi siendi kwa mtu aliyenitupa." Nitakuambia ukweli, moyo wangu ulifurahi. Alipokuwa darasa la tatu aliwahi kuniuliza kwa nini haishi na mama yake, nikamwambia mama yako alikwenda zake. Mengine aliyapata kwa watu.

Kaka naye kasema mtoto hatoki mpaka wifi atume milioni nne za gharama za malezi. Sioni kama ni nyingi ukihesabu ada, sare na miaka 12. Yuko Kanada, na miaka yote hii hajatuma hata laki mbili.

Ameniomba nimpime binti mabega, kiuno na urefu wa mkono, amnunulie koti la baridi. Wiki ya tatu hii sijamjibu. Nimeanza kumfumia sweta mwenyewe.

Je, nikikataa kusaini nitakuwa nimekosa? Mtoto mwenyewe hataki. Na mambo haya ya wakimbizi sisi watu wa huku hatuyajui, ni mambo ya Kigoma.

Mama Mlezi, Uyole

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na Julai ya Uyole. Mimi huku Iringa nakuandikia nimejifunga blanketi kiunoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwonea huruma mtoto, mara ya pili nikakuonea wewe. Ya tatu nikagundua kwamba umenieleza habari za viazi, za Kitonga, za koti na za sweta, lakini jambo lenyewe umelipitia mbio kama anayevuka barabara kuu pale Uyole. Umeandika, "nikamwambia mama yako alikwenda zake." Basi, ukahamia kwa kaka.

Turudi hapo.

Mama yake hakwenda zake. Alikuja kumzika mumewe akiwa na mtoto mgongoni, mkambakiza mtoto, akaondoka mgongo mtupu kwa sababu kibali kilikuwa kinaisha. Mkimbizi nchini kwetu hakai anapotaka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa, na akitoka bila kibali anaweza kukamatwa. Kwa hiyo yule mwanamke asingeweza kukaa Makete akabishane na kaka yenu mpaka kieleweke. Kila siku aliyoongeza pale ilikuwa ya hatari kwake, na nyinyi mlilijua hilo au mlikuwa na njia ya kulijua.

Sikuandikii haya ili nikutandike. Mwaka 2013 mlikuwa na msiba, mlimwona mtoto wa marehemu, na mkaona hema na foleni ya chakula vinamsubiri. Watu wengi wangefanya kama nyinyi. Pengine mtoto alikula vizuri zaidi na kusoma vizuri zaidi kwako, na hilo wifi yako analijua, ndiyo maana hata leo anakuomba vipimo badala ya kukutukana. Ila mtoto amekua akijua kwamba alitupwa, na wewe umekaa na ukweli miaka 12 kama mtu aliyekalia ufunguo. Halafu anaposema "siendi kwa mtu aliyenitupa," unanihesabia hayo kuwa ni maoni ya mtoto. Hayo ni maneno yako, yeye amekurudishia tu.

Kwa hiyo swali la kusaini au kutosaini tuliweke pembeni kwanza. Binti hawezi kuchagua wakati hajaelezwa anachochagua. Mweleze. Usisubiri mpaka pasipoti itoke, na usimwachie mama yake amweleze kwa simu alfajiri, kwa sababu hapo wewe utakuwa umeshushwa mbele yake na mtu wa mbali, na huenda akawachukia nyote wawili kwa pamoja. Mweleze wewe, kwa kinywa chako, mkiwa wawili. Mimi ningechagua wakati wa kumenya viazi au kuchambua maharage, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, kwa sababu mazungumzo ya namna hii hayaendi mkikaa kwenye kochi mnatazamana. Sema: mama yako alikuja na wewe mgongoni. Sisi tulikuzuia. Alilia siku mbili. Mimi nilikubaliana na baba yako mkubwa. Uliponiuliza darasa la tatu nilikudanganya, kwa sababu niliogopa utataka kwenda.

Atakasirika. Anaweza kuhama chumba, anaweza kukununia mwezi mzima, anaweza kukuita Shangazi mbele ya wageni ili akuumize. Mwache. Kupika utapika, ada utalipa, salamu utampa hata kama hajibu.

Ukitoka hapo, uongo huohuo upo pia kwenye karatasi, na wa karatasi una haraka kuliko wa mdomo.

Kile cheti cha kuzaliwa, mdogo wangu, ni tatizo kubwa kuliko kaka yako na milioni zake. Fikiria afisa wa Kanada amekaa na jalada mezani. Upande mmoja ana maelezo ya wifi yako, yaliyoandikwa kambini na kurudiwa kila mahojiano: nina binti, amezaliwa Kasulu mwaka 2010, yuko kwa shangazi yake. Upande wa pili anapokea cheti kinachosema binti huyohuyo alizaliwa Mbeya, na mama yake ni mwanamke mwingine. Mojawapo ni uongo, naye hana njia ya kujua ni upi. Ndipo ombi linapokwama, au linapoombewa kipimo cha vinasaba, kile watu wanachokiita DNA. Kipimo kitamtambua mama halisi, sawa, lakini ni gharama na miezi. Na mkikata pasipoti kwa cheti hicho, mtakuwa mmejenga nyumba ya pili juu ya msingi uleule mbovu.

Usikichane wala usimtafute kijana wa mjini wa "kukirekebishia" kingine. Mtafute wakili, au kama mfuko haukuruhusu, msaidizi wa kisheria, wapo na hawalipishi. Mweleze ilivyokuwa, mwandikiane kiapo, kisha muende kwa msajili wa wilaya, yule wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, anayepatikana ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kuomba cheti kisahihishwe. Naelewa unaogopa, kwa sababu ulitoa taarifa isiyo kweli serikalini. Ndiyo maana nasema uanze na mwanasheria. Lakini anayejipeleka mwenyewe na kusema nilikosea hasikilizwi sawa na anayekamatwa uwanja wa ndege. Wifi yako naye aulizwe kama ana tangazo la kizazi au kadi ya kliniki ya kambini. Akina mama wa kambini hutunza karatasi kuliko sisi, maana kwao karatasi ndiyo kila kitu.

Na mjulishe wifi kuhusu cheti hiki sasa, kabla hajatuma chochote. Usione aibu. Atakachokasirikia zaidi ni kukisoma kwenye barua ya kukataliwa.

Nikueleze kidogo ombi lenyewe, nadhani unaliona kama fadhila inayoweza kusubiri mpaka moyo wako utulie. Kanada ina utaratibu kwamba mkimbizi aliyepokelewa kule ana mwaka mmoja tangu atue wa kuomba mwenza na watoto aliowaacha nyuma wamfuate. Sharti ni kwamba majina yao yawe yalitajwa kwenye fomu kabla hajasafiri. Mtoto awe hajaoa wala hajaolewa na awe chini ya miaka 22. Haijalishi kwamba binti yako mwenyewe ni Mtanzania na hajawahi kuwa mkimbizi, anakwenda kwa kamba ya mama yake. Sasa tazama. Mwanamke aliyelala kwenye hema, anayeolewa upya, ana mtoto mchanga kifuani, anaulizwa na mgeni mwenye kalamu, "Una watoto wengine?" Kuna wanaonyamaza hapo, kwa kudhani jina la ziada litawachelewesha safari. Wengi wao hulia baadaye. Yeye alilitaja jina la mtoto ambaye hakuwa amemshika kwa miaka. Hebu mweleze binti na hilo.

Vipimo vya afya vya safari navyo vina muda, hudumu miezi 12. Ukivuta miguu baada ya kuvifanya, vitafanywa upya. Ila hujavifanya bado, kwa hiyo mna nafasi ya kupanga. Mimi ningejitahidi binti afanye mtihani wake wa kidato cha pili mwezi wa Novemba kwanza. Kule atapangiwa darasa kulingana na umri, na ataongezewa masomo ya Kiingereza, kwa hiyo mtihani wenyewe si tiketi ya kitu. Lakini mtoto anayeondoka amemaliza alichokianza huondoka kichwa juu. Chukueni na ripoti zake zote za shule, zenye mihuri.

Nije kwa kaka.

Milioni nne hapana. Wala moja hapana. Sitaki nikueleweshe vibaya: kulea kuna gharama na hakuna atakayekurudishia. Lakini siku mtakapoweka bei kati ya mtoto na safari yake, mtakuwa mmeingia kwenye jambo lenye jina lingine. Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008, na ujumbe mmoja tu wa simu wenye maneno "tuma milioni nne ndipo mtoto atoke" ukisomwa na afisa, wa hapa au wa Kanada, hautasomwa kama mambo ya ukoo. Mwambie kaka hivyo, kwa heshima, ikibidi ukiwa na mchungaji au mzee anayemsikiliza. Mwambie pia kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na mzazi wake na haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Akibisha, nendeni wote kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akaambiwe na mtu mwenye muhuri. Na akitokea dalali anayesema anamjua mtu pale UNHCR au IOM, mashirika ya wakimbizi na wahamiaji, wa kuharakisha jalada kwa pesa, mfungie mlango. Huduma za mashirika hayo haziuzwi.

Hili la "yuko Kanada na hajatuma hata laki mbili" limenikera kidogo, nikwambie kweli. Unadhani alipofika alikabidhiwa mti wa dola? Wakimbizi wanaopelekwa Kanada mara nyingi husafirishwa kwa mkopo wa serikali ya huko. Nauli ya familia nzima inakuwa deni, na baada ya mwaka mmoja marejesho yanaanza. Afadhali tangu 2018 riba imefutwa, lakini deni ni deni. Posho ya kuanzia maisha, kwa waliopokelewa na serikali, hukoma kwa kawaida mwaka ukiisha. Hapo mtu anatafuta kazi kwa lugha asiyoijua, na kazi za mwanzo ni usafi wa usiku, viwanda vya nyama, kutunza wazee. Yule anayekupigia saa tatu usiku baada ya kulaza watoto huenda ndiyo anavaa viatu kwenda kazini. Muulize. Sidhani kama umewahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Na hapa nageuka nikuunge mkono, kwa sababu hofu zako si zote za choyo. Iko moja ambayo hukuiandika ila naisikia: binti anakwenda kuwa nani katika nyumba ile? Mama anafanya kazi usiku, kuna watoto wawili wadogo, kuna baba wa kambo ambaye hajawahi kumwona. Msichana wa miaka 15 anayeshuka hapo anaweza kuwa mtoto wa nyumbani, anaweza pia kuwa yaya aliyepatikana bila mshahara. Hilo hutokea hata kwa mama mwenye mapenzi ya kweli, kwa kuchoka tu. Yeye ndiye atakayejua Kiingereza haraka kuliko wote, basi atakuwa mkalimani wa hospitali, wa benki, wa barua za shule za wadogo zake. Ulizeni sasa, wala msione ni utovu wa adabu. Atalala wapi? Nani anakaa na wadogo mama akiwa zamu? Baba wa kambo anasemaje, na kwa nini hajawahi kuja kwenye simu amsalimie? Na binti apewe simu azungumze na mama yake peke yake, wewe ukiwa sokoni, maana mbele yako hatauliza kitu akiogopa utaumia.

Umesema mambo haya ni ya Kigoma. Si kweli, mdogo wangu. Wakati wa vita kuu ya pili, Ifunda hapa Iringa na Kidugala kule Njombe palikuwa na kambi za Wapolandi, wengi wao akina mama na watoto, huku waume zao wakiwa jeshini mabara mengine. Vita ilipokwisha wako waliokutana tena Uingereza, nchi ambayo haikuwa ya baba wala ya mtoto, wakaanza kujuana upya. Lakini sihitaji kwenda hata kwa wazungu. Babu yangu mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe, alikwenda Wenela, lile shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, akarudia mkataba baada ya mkataba. Aliporudi na sanduku lake la bati na blanketi, mama yangu alikuwa na miaka tisa, akakimbilia nyuma ya bibi yake akalia kwamba kuna mtu ndani. Babu aliumia vibaya. Alitaka aitwe baba siku ileile.

Bibi hakumlazimisha mtoto. Alimpa kazi moja tu: kila asubuhi ampelekee yule mtu maji ya kunawa. Ampelekee, aweke, aondoke. Mama yangu anasema alipeleka maji yale masika mawili. Mwanzo aliweka chombo mbali akakimbia, baadaye akawa anasubiri kirudishwe, halafu siku moja akajikuta amekaa anasimuliwa habari za treni. Neno "baba" lilitoka lenyewe, wala hakumbuki siku gani.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka umpe binti, na muda mnao kabla ya ndege. Simu zile za "nakupenda mutoto wangu" ni nzito mno kwa mtu asiyemjua anayempenda. Watafutie maji ya kunawa. Mama amfundishe kwa video kupika sombe, wale Wabembe wanaipika kwa mawese na haifanani na kisamvu chetu. Binti amwonyeshe daftari la hesabu. Awajue wadogo zake kwa majina, wanapenda nini, nani anakojoa kitandani. Amuulize mama yake habari za baba yake, maana watu wawili tu duniani wanaweza kumsimulia vizuri, wewe na huyo, na wewe unamjua kama mdogo wako, humjui kama mume wa mtu. Na akicheka Kiswahili cha mama yake, acheke. Mwambie tu kwamba mwakani atafika mahali ambapo yeye ndiye atakayechekwa anavyoongea, na kwamba siku hiyo "niko nakuona" itakuwa sauti pekee ya nyumbani katika mtaa mzima.

Wakishaonana uwanja wa ndege watalia, watapiga picha, na wiki mbili tatu za kwanza zitakuwa tamu. Usidanganyike kwa picha. Mwezi wa pili au wa tatu utapigiwa simu usiku, binti analia: mama ananifokea, nyumba ndogo, giza linaingia saa kumi na moja jioni, nje hakutokeki, shule wananiita Mwafrika, nataka kurudi. Nimeletewa barua za namna hiyo za kutosha. Ukimjibu "si nilikuambia," utakuwa umemzuia mara ya pili. Msikilize mpaka amalize, muulize amekula nini, kisha umwambie utazungumza na mama yake, na uzungumze naye kweli. Nyinyi ni mawifi. Mlipaswa kuwa mmezungumza miaka yote hii.

Kurudi si jambo la haraka, lakini si mlango uliofungwa pia. Kupata ukaazi wa kudumu kule hakumwondolei Utanzania wake. Uraia wa Kanada ndio mjadala mwingine, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na hilo atalifikiria mwenyewe akiwa mkubwa. Kwa sasa ajue tu kwamba Uyole ipo, na kitanda chake hakijagawiwa mtu.

Nimebaki na swali lako la kusaini. Kama baada ya kuelezwa yote, na baada ya kuzungumza na mama yake faragha, na baada ya miezi ya maji ya kunawa, binti bado anasema hapana, basi umpeleke kwa afisa ustawi wa jamii amsikilize bila wewe kuwepo, na hapana yake iandikwe kama yake. Hiyo nitaiheshimu. Lakini hapana ya leo siitambui, na wewe moyoni huitambui, ndiyo maana umeniandikia.

Akisema ndiyo, saini. Utaumia. Miaka 12 si ya kufutwa na kalamu, na nyumba itakuwa kubwa ghafla, utajikuta unapima unga wa watu wawili. Usimfiche kwamba unaumia, ila usimpe huzuni yako aibebe kwenye begi, kilo zenyewe za ndege wanazihesabu.

Sweta lako endelea kulifuma, mpe, alivae safarini. Ila halitamtosha. Winnipeg mwezi wa Januari hushuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, na hakuna mtumba wa Mwanjelwa ulioshonewa hiyo. Koti ni la mama yake kununua. Leo jioni akitoka shule chukua tepu, mpime mabega, kiuno, na mkono kuanzia begani mpaka kwenye kifundo. Ongeza inchi mbili, anakua. Kisha umtumie wifi namba hizo, na chini yake uandike samahani kwa kuchelewa.